Kushoto kwa Mwale

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya tisini, mwanangu, nilipotoka kwetu Kamenu nikiwa nimeamua kuacha shahada yangu. Nilikuwa naenda Ruiru kumwambia mwalimu aliyenisimamia, mzee mkali aliyependa chai kuliko watu.

Shida ilikuwa hii. Maabara moja ya ng'ambo ilinikaribisha nikafanye vipimo vyangu huko. Tulirusha mwale wa deuteroni, yaani protoni na nyutroni zilizoshikana, zikiwa zimepangwa zizunguke upande mmoja, zikagonge viini vya atomu. Nyutroni hubaki ndani ya kiini, protoni ikachomoka kushoto au kulia. Ukilinganisha pande hizo mbili, unajua nyutroni imekaaje mle ndani. Basi mimi nilirudi na matokeo yaliyopinduka kabisa: palipotarajiwa protoni nyingi kushoto, zangu zilijaa kulia. Nilihangaika miezi, sili vizuri, sisemi na mtu. Ningeweza kugeuza tu alama ya kutoa mbele ya namba zangu iwe ya kujumlisha, na hakuna ambaye angejua. Kishawishi hicho kilinitisha hata nikaona heri niache.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, tukiwa uani kwake. Kisha akauliza kama nilipima pia kile kiini cha kulinganishia, ambacho majibu yake yanajulikana tangu zamani. Nikasema nilikipima, na chenyewe kimepinduka vilevile.

"Simama hapo, unitazame," akasema. "Mkono wangu wa kushoto ni gani?"

Nikauonyesha. Ulikuwa upande wangu wa kulia.

"Na huko ng'ambo, ukiandika kushoto, ulikuwa umesimama wapi?"

Nilikuwa nimeutazama mwale ukinijia, mwanangu, na kushoto huhesabiwa kwa kuufuata unakokwenda. Nilikaa chini palepale kwenye nyasi zake, nikacheka, nikalia. Kazi yangu yote ilikuwa nzima.

"Sasa geuza hiyo alama, mami," akasema, maana ndivyo alivyotuita wanafunzi wake wa kike, "na uandike kwa nini umeigeuza."

Ndiyo maana nakuambia: jambo likikukatalia, usilifiche, wala usilifinyange likubali. Jipime kwanza na kile kinachojulikana, halafu nenda kwa mtu umweleze wazi. Miezi ile niliumia bure, na mwalimu alikuwa Ruiru tu hapo. Mungu akupe mtu wa kumwendea kabla hujachoka, na akupe usingizi mtamu ukishatoka kwake.