Saa ya Namba na Picha ya Mzee Ramazani

Iko siku moja, mwanangu, inayonijia mara nyingi nikiketi hapa barazani baada ya alasiri, wakati joto la Kindu linapoanza kulegea na mtu hajui vizuri kama amesinzia au yuko macho. Ni siku niliyompiga picha Mzee Ramazani. Inakuja kwa vipande: kanzu yake nyeupe, mkono wake juu ya goti, mwanga ukiingia kwa upande wa dirisha. Mengine yamefutika.

Nimesikia umeanza kazi yako ya ushonaji, uko peke yako, na simu njo karani wako, ndiyo inayokuandikia yote. Watu wanakutumia vipimo kwa ujumbe, wanakulipa humohumo, unapiga picha za magauni yako na kuzionyesha hadi Kalima, na simu inalia kukukumbusha nguo ya nani inatakiwa lini. Nimefurahi, sikufichi. Usidhani nimekuita hapa nikuambie uitupe. Hata mimi nilikuwa kijana wa vyombo vipya, na kwa majivuno nilikupita mbali.

Wakati ule nchi iliitwa Zaire, tulivaa abakosti, lile koti lisilo na tai, na kuitana sitwaye, yaani mwananchi, hata na watu tuliokua nao nyumba moja. Nilikuwa na studio yangu karibu na stesheni, chumba kimoja na pazia katikati. Nilipiga picha mwenyewe, nikasafisha filimu mwenyewe, nikachapa, nikakata kwa mkasi, nikapokea wateja. Watu wa mji walihitaji picha ndogo za kitambulisho, basi kazi haikukosekana. Lakini nilichokipenda zaidi kilikuwa nyuma ya pazia, gizani, kwenye taa nyekundu. Unalaza karatasi nyeupe ndani ya dawa, unaitikisa polepole, na uso unakuja wenyewe, kwanza nyusi, halafu macho. Nusu ya Kindu nimeiona ikija namna ile. Mpaka leo nikifumba macho wanakuja, hata wale ambao majina yao siyajui tena.

Aliyenifundisha kazi ni Baba Amisi, mpiga picha wa zamani aliyekaa ng'ambo ya mto, Alunguli. Alikuwa na taratibu yake ambayo sisi vijana tuliicheka kichinichini. Maji ya kusafishia filimu aliyateka alfajiri, akayatia katika mtungi wa udongo, akauviringishia mtungi gunia bichi na kuuweka kivulini. Kabla ya kuanza alichovya kidole ndani ya maji, akasikia joto lake, vile mama anavyoshika paji la mtoto mwenye homa. Na dakika hakuzipima kwa saa. Alizihesabu kwa tasbihi, punje mojamoja, midomo ikichezacheza gizani. Maji yakiwa ya vuguvugu alipunguza punje, yakiwa baridi aliongeza.

Mimi nikanunua saa. Haikuwa ya mishale, ilikuwa ya namba zinazobadilika zenyewe, na kwa Kindu ya wakati ule tulioivaa tulihesabika. Nilimpata nayo mchuuzi aliyetoka kuwauzia watu wa mgodi huko Kalima. Ilipima hadi sekunde, na dakika zikitimia ililia. Eh, mwanangu, nilitembea na mkono mmoja mbele. Nikaacha kuhesabu kwa tasbihi, na kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuacha, nikaacha na mtungi. Nilichota maji kwenye pipa la bati lililokaa uani, nikatega saa, basi. Wiki nyingi kazi ilitoka vizuri. Sikufikiri kwamba ni majira ya mvua yaliyolipoza pipa, na ile sifa niliyoipa saa ilikuwa ya mvua.

Mvua zikakatika. Siku moja asubuhi akaingia jirani yangu Mama Bahati, muuza samaki wa kukausha, akimshika mkono baba yake. Huyo ndiye Mzee Ramazani. Alikuwa ameletwa hospitali kutoka Kibombo, na madaktari walikuwa wamemwambia bintiye kwa upole amrudishe akapumzike kwao. Walikuwa wanangoja treni ambayo mzee angerudi nayo pamoja na jamaa zake, bintiye akibaki na biashara yake. Mzee alikuwa hajawahi kupigwa picha maisha yake yote, alikuwa hapendi, lakini Mama Bahati alitaka sura ya baba yake ibaki kwake, kwa sababu alijua hatamwona tena.

Mzee akaketi kwenye kigoda, akainyoosha kanzu yake. "Mutoto wangu anaitaka," akaniambia. "Basi ichukue. Lakini usinifanye kijana." Nikacheka, yeye hakucheka. Nikampiga picha mara nne.

Mchana ule jua lilikuwa kali. Nikachota maji ya pipa, nikachanganya dawa, nikatega saa, na saa ikalia palepale ilipotakiwa. Nikafungua chombo. Filimu ilikuwa imelainika kwa joto, na nilipoigusa ngozi yake ikateleza chini ya kidole kama utando wa maziwa. Picha zote nne zikaenda na yale maji. Nilisimama pale, mikono ikidondosha maji, nikiwa bado nasikia ule mlio.

Sasa sikiliza hapa, maana kosa ninalotaka kukuambia si la maji. Mzee alikuwa bado yupo. Alikuwa nyumba ya tatu kutoka kwangu, amelala kwenye mkeka barazani. Treni za wakati ule zilikuja zilipotaka zenyewe. Ningevuka njia tu, niseme, Mzee nimeharibu, njoo uketi tena. Nikaona haya. Jioni Mama Bahati akaja. "Picha iko?" akauliza. Nikamjibu, "Iko inakauka, Mama. Uje kesho." Kesho yake nikasema hivyohivyo. Alinishukuru, mwanangu. Alinishukuru mara zote mbili.

Siku ya tatu nikavuka mto kwa mtumbwi kwenda kwa Baba Amisi, nikitumaini anajua dawa ya kufufua filimu. Nikamwambia saa imeniangusha. Akaishika ile filimu kwenye mwanga, akaiangalia hadi nikachoka kusimama.

"Saa yako ilihesabu vizuri," akasema. "Muntu wa kusikia joto ya maji njo wewe. Na ule muzee, angali yuko?"

"Angali yuko, Baba."

"Sasa kwangu umekuja kutafuta nini?"

Nikageuka bila hata kuaga. Tulipofika katikati ya mto, maji yametulia kabisa, nikasikia filimbi ya treni, mbali, kama kitu kinachosikika usingizini. Nilimwomba mpiga kasia akaze, naye akakaza, maskini, lakini mto wetu ni mpana. Nilipofika stesheni treni ilikuwa imekwenda. Mama Bahati alikuwa amesimama anaangalia reli. Nikamwambia palepale, mbele ya watu. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Siku zote tatu ulikuwa unajua?" Nikasema nilijua. Akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akarudi kwake. Mzee alifariki Kibombo kabla treni nyingine haijaja.

Baada ya arobaini Mama Bahati akaingia studio, akaketi. Nilidhani amekuja kunitukana, nami nilikuwa tayari. Akasema, "Siku ile mimi nilikuwa na mawazo ya safari. Wewe njo ulimuangalia baba yangu vizuri. Niambie alikuwa namna gani." Nikamwambia alivyoweka mkono, alivyoangalia kamera bila kupepesa. Akasikiliza, akaondoka. Akawa anakuja kila mwaka siku ya Idi, nami nikawa namsimulia, na kila mwaka nilihisi kuna kitu kimepungua nikakijazia. Mwaka mmoja nikamwambia jinsi ndevu zake nyeupe zilivyopendeza. Mama Bahati akasema taratibu, "Baba yangu alikuwa ananyoa ndevu." Hakuja kuniuliza tena.

Basi, mwanangu, shika simu yako. Ikuhesabie, ikukumbushe, ikutafutie wateja ambao mimi nisingewapata kwa miguu mwaka mzima. Lakini kitambaa kishike kwa vidole vyako kabla ya kukikata, maana hilo simu haijui. Na siku utakapoharibu gauni la mtu, nayo itafika, usimwandikie kwamba bado kidogo. Inuka uende mlangoni kwake siku hiyohiyo, ukiwa na aibu yako yote, wakati bado kuna la kufanya. Kazi ya peke yako haina mwingine wa kutumwa.

Mungu akupe mikono mizuri na wateja wenye subira. Akuzidishie riziki ya halali. Na siku ya kusema ukweli mbele ya mtu, akupe miguu myepesi kuliko ile niliyokuwa nayo mimi. Amina.