Sikio la Muuza Manukato

Ninauza mafuta mazuri Kariakoo: udi, miski, waridi. Kwetu mwanamume akitoka nyumbani bila kipamba chenye mafuta mazuri sikioni, ni kama katoka bila kanzu. Babu alikiweka, baba alikiweka, nami nikakiona ni tangazo la bure. Kwa hiyo sikio la kulia lilipoanza kuwasha, nilikisukuma ndani kidogo kinikune.

Muwasho ukazidi, kisha ukaanza kutoka uchafu wenye harufu. Wateja walinusa vichupa vyangu, halafu wakanigeukia mimi. Nikaongeza miski.

Kariakoo kila mwenye duka ni daktari. Jirani yangu wa vitenge alinipashia mafuta ya nazi yenye kitunguu saumu. Duka la dawa hawakuangalia kitu, wakaniuzia matone ya kuua bakteria. Niliyatia kwa uaminifu mkubwa mpaka sikio likaziba kabisa.

Hapo nikaogopa kwelikweli. Sikio la kushoto liliharibika tangu utotoni, na harusi ya binti yangu ilikuwa imekaribia. Mimi ndiye walii wake. Kabla ya ndoa kufungwa ningeingia chumbani kumuuliza kama ameridhia, na mabibi harusi wa kwetu hujibu kwa haya, kwa sauti ya chini mno. Nisiposikia ningemwozesha kwa kubahatisha? Mke wangu akasema basi aingie mjomba wake. Nilikasirika, nikatoka kwenda kwa daktari wa masikio.

Alikuwa dada wa rika la binti yangu. Aliniamkia, na mimi nikaitikia "Marahaba" baada ya yeye kurudia kwa sauti. Akachungulia kwa kifaa chenye taa.

"Mzee, hii fangasi. Na umeilisha vizuri."

Akanionyesha kwenye skrini: utando mweupe wenye vidoadoa vyeusi, kama mkate uliosahauliwa kabatini. Katikati yake kilikuwemo kipande cha pamba yangu. Akanieleza kwamba pamba inashika unyevu, mafuta yanaufungia humo, na joto la Dar linamalizia kazi. Yale matone hayaui fangasi. Yanawaua bakteria tu, fangasi wanabaki na nyumba nzima. Akavuta uchafu wote kwa mrija, kwa kishindo ambacho mwenye sikio zima angekimbia. Kisha akanipa matone ya fangasi na masharti yake: niendelee nayo hata muwasho ukiisha, maji yasiingie ndani, kwenye udhu nipanguse kwa vidole tu, na pamba marufuku.

"Hata ya miski?"

"Hasa hiyo, mzee."

Nilitii. Nikakaa dukani sinukii chochote, jirani wa vitenge akaniuliza kama biashara imekufa. Taratibu sikio likafunguka, nikaanza kusikia wapiga debe tena, jambo ambalo sikuwahi kufikiri ningelishukuru.

Siku ya ndoa niliingia chumbani, wanawake wakanipisha. Mama yake alikuwa amemwonya aseme kwa nguvu kwa sababu ya baba. Nikamuuliza kama ananiruhusu nimwozeshe. Akainamisha kichwa, na kwa sauti ndogo ambayo hata shangazi yake aliyekaa ubavuni hakuipata, akasema, "Nimekubali, baba."

Niliisikia yote. Nikainama karibu yake, nikalitega lile sikio la kulia.

"Sijasikia, mwanangu," nikamwambia. "Hebu sema tena."