Salamu za Vidudu

Kwetu Samuye salamu haijakamilika mpaka uulize habari za mifugo. Unaanza na watu, unaingia kwa ng'ombe, ndipo unapewa kigoda. Mimi sina ng'ombe. Nina bakteria, niliowachota kwenye maji ya shimo la dhahabu lililoachwa Geita, ninakoishi na mume wangu, nikawafuga maabara kwa ajili ya masomo yangu ya uzamivu. Baba, mfugaji tangu utotoni, aliona huo ni ufugaji kama mwingine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu." Mayu kwa Kisukuma ni mama, ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe. "Mume wako hajambo? Na vidudu, wamezaa?"

"Bado, baba."

Hiyo bado niliisema kila mwezi, mwaka mzima.

Nilikuwa nimemweleza. Bakteria akitaka kujigawa awe wawili, lazima kwanza atengeneze DNA nyingine, na DNA hujengwa kwa matofali. Ndani yake kipo kimeng'enya kinachofyatua matofali hayo, lakini hakiwezi kazi mpaka kishike chembe za metali. Bila metali hakuna tofali, na bila tofali hakuna uzao. Baba alicheka mpaka akakohoa. Geita nzima watu wanahangaikia dhahabu, akasema, kumbe wapo humo humo wanaotafuta chuma tu.

Na chuma ndicho nilichowapa. Maji ya shimo lile yalikuwa mekundu kwa kutu, na nani huku asiyeijua rangi ya kutu? Nilikitenga kimeng'enya, nikakipa chuma, kikajikokota. Nikailaumu friji, nikaulaumu umeme, nikajilaumu mwenyewe. Kujaribu metali nyingine hakukunijia akilini, maana nilikuwa na uhakika, na mimi nikiwa na uhakika sisikii la mtu.

Wakati huo ndoa yangu ilikuwa na mwaka wa saba bila mtoto. Madaktari walitupima wote wawili, hawakuona kasoro. Kanisani akina mama walinishika mkono na kuniambia mvumilivu hula mbivu. Nilitabasamu, nikitamani kuwauliza mbivu zipi, na mti wenyewe haujachanua. Sokoni niliukwepa upande wa nguo za watoto. Nilimtaka mtoto kiasi cha kuona aibu kulitamka. Baba peke yake hakuwahi kuniuliza. Kwetu baba haongei na binti yake mambo ya uzazi, hiyo ni kazi ya shangazi, nami nilimshukuru kimoyomoyo kwa ukimya wake.

Siku moja, kwa hasira tu, nilikiondolea kimeng'enya chuma chote, nikachukua kichupa cha metali ya manganizi kilichokuwa kimekaa rafuni muda wote huo, nikakipa. Kabla ya saa za kufunga kilikuwa kinafyatua matofali mbio. Nikawatilia bakteria wenyewe manganizi kwenye chakula chao, na kesho yake mirija ilikuwa imechafuka kwa wingi wao. Wenzangu walinipigia makofi. Nilikwenda chooni nikalia, na sitadanganya kwamba yalikuwa machozi ya furaha. Niliwaonea wivu bakteria wangu. Walichokosa wao kilikuwa kwenye kichupa, kina lebo.

Jumamosi nikaenda Samuye. Baba alikuwa anatengeneza lango la zizi. Tukasalimiana, akauliza ya mume wangu, akafika kwa vidudu.

"Wamezaa, baba. Hakikuwa chuma walichotaka. Wamezaa wengi."

Nilidhani atacheka. Alivua kofia yake, akaishika mikono miwili, akabaki anatazama chini. Ndipo nikaelewa mwaka mzima alikuwa ananiuliza nini.

"Na mimi bado, baba," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Siku ya harusi yako nilimtenga mtamba mmoja, awe wa mjukuu. Mtoto asije akakosa maziwa. Sikukwambia, niliona haya."

Nikamwuliza ni yupi.

Akanionyesha ng'ombe mweupe kwenye kona ya zizi, ndama akimnyonya. "Yule. Huyo ndama wake ni wa nne."