Achari Isiyoona Jua

Asubuhi niliyoondoka Iyula sikuwa na mpango wa kuondoka. Niliamka kwenda kupalilia kahawa ya shangazi yangu, nikamkuta amesimama mlangoni, mikono kiunoni, akilitazama lundo la matango. Mwaka ule yalizaa kupita kiasi katikati ya mahindi. Tulikula mpaka tukayachukia, majirani wakaanza kukwepa kupita kwetu wasije wakapewa mengine.

"Yatoe hapa," akasema. "Peleka Vwawa, peleka popote. Mimi sitaki kuyaona."

Nikajaza kikapu, nikachukua na blanketi langu. Mpaka leo sijui kwa nini nilichukua blanketi kwa safari ya sokoni. Kwenye barabara kuu lori likanipakia nyuma, juu ya magunia. Tulipofika Vwawa dereva akapunguza mwendo, akachungulia dirishani kuniangalia. Sikushuka. Akacheka, akakanyaga mafuta.

Nilikuwa hivyo tangu utoto. Shule niliiacha darasa la tano, na haikuwa kwa ukorofi. Mwalimu alikuwa akieleza jambo moja, nami nikawa nataka kujua lililo nyuma yake, na lililo nyuma yake halikuwa kwenye somo. Nikaanza kulitafuta barabarani.

Tunduma niliikuta imejaa tope na malori. Mpakani magari yalikuwa hayasogei, madereva wamejazana kila nyumba ya wageni, hadi kwenye makochi. Nilizunguka na kikapu changu kichwani kila mtu akinicheka. Mvua nyembamba ile ya kwetu, isiyonyesha wala isiyokatika, inaganda kwenye nguo, halafu mtu anakuja kukuuzia tango! Mwisho nikapiga hodi kwenye hoteli ndogo ya chakula, ya mama mmoja wa pwani, mke wa dereva wa malori. Mumewe alikuwa safarini, upande wa pili wa mpaka.

"Matango?" akasema. "Watu wanataka supu, kijana. Wanataka kitu cha kuwachoma koo."

Sauti ya mwanamke mzee ikatoka chumba cha ndani. "Ni nani huyo?"

"Muuza matango, mama," mwenye hoteli akamjibu.

"Ana embe?"

"Hana."

"Basi aende zake."

Yule mama akaufunga mlango wa ndani taratibu, akanisogelea. Nadhani alikuwa amekaa na neno lile muda mrefu bila mtu wa kumwambia. Mama yake alikuwa amekuja kutoka pwani baada ya watu wa kwao kuhamishiwa kwenye kijiji kipya. Nyumba yake ya zamani ilibaki bila paa, na kwenye kijiji kile alikataa kabisa kukaa. Binti akamleta huku. Tangu alipofika hali chakula. Ugali wa huku anasema mzito, mboga anasema majani, chai anaiacha inapoa. Anachotaka ni achari ya embe, basi. Na embe msimu wake ulikuwa umepita.

"Amekwisha," yule mama akasema. "Jana nimemwogesha, nikahesabu mbavu. Nikimrudisha, narudisha kwa nani? Nikimweka, atanifia hapa hapa."

Achari nilikuwa nimelisikia jina tu. Na mimi nikisikia jina la kitu nisichokijua, sitoki hapo.

"Inatengenezwaje, mama?"

Hakupata nafasi ya kujibu. Mlango ukafunguka. Bibi akasimama akiwa amejifunga kanga mbili na juu yake koti la mkwewe, linamfika magotini.

"Umekua mpaka hapo hujui achari?"

"Sijui, bibi. Sisi hatuna."

"Mna nini basi nyinyi? Mna baridi." Akakaa kwenye benchi. Alikuwa mwembamba, macho makubwa. "Embe mbichi unaikata, unaitia chumvi, unaianika juani. Leo, kesho, kesho kutwa. Usiku unaingiza ndani, asubuhi unatoa. Halafu viungo, halafu siki, halafu tena juani. Jua ndilo linaloipika. Sasa niambie, hapa jua mmelificha wapi?"

Tukatazama nje wote watatu. Hata lori lililokuwa ng'ambo ya barabara lilionekana nusu kwa ukungu.

Yule mama ndiye aliyesema, polepole kama anayejikumbusha. Alipomsindikiza mumewe safari moja mpaka Lusaka, walilala kwa jamaa mmoja, wakaandaliwa matango ya siki, yamekolea sukari, yametoka kwenye friji. Hayakuwa yameona jua. Yalikuwa matamu na makali kwa pamoja, na ya baridi mpaka meno yanauma.

"Achari ya tango," bibi akasema. "Tena ya kabatini. Mnanizika nikiwa hai."

Lakini hakurudi chumbani.

Friji lilikuwapo, stoo, nyuma ya makreti ya chupa tupu. Lilikuwa la mafuta ya taa, mume wa yule mama alilinunua ili auze soda za baridi, kisha soda zikaadimika, likazimwa. Sasa likawa la kuwekea vitambaa. Yule mama akasimama mbele yake akipima mafuta yaliyobaki kwenye dumu, yale aliyokuwa anawashia taa za hoteli. Akayamimina yote.

Tukakata matango mviringo, membamba, tukayapaka chumvi, tukayaacha kwenye ungo yatoe maji. Vitunguu vilikuwapo. Sukari aliipunguza kwenye ile ya chai ya wateja. Manjano na mbegu za haradali alikuwa nazo za biriani. Siki ndiyo ikakosekana. Alitaka kwenda kuitafuta upande wa pili, kwa mama mmoja muuza duka aliyekuwa akimwitikia "mukwai", neno la heshima la huko, kwa kila neno, lakini mpakani hakuna kilichokuwa kikisogea, hata watu wa miguu.

Bibi akanyanyuka, akaingia chumbani. Tulisikia sanduku linafunguliwa. Akatoka na chupa iliyozibwa kwa gunzi na kufungwa kitambaa.

"Ya mnazi," akasema. "Ya mnazi wangu mwenyewe. Usimwage."

Yule mama akaipokea kwa mikono miwili. Tuliichemsha siki pamoja na sukari, chumvi na viungo, hoteli nzima ikanukia kitu kisichokuwa cha pale. Madereva wakawa wanauliza kinapikwa nini. Bibi akawaambia, "Nauliza na mimi." Akatufundisha kutia kijiko ndani ya chupa kabla ya kumimina, kioo kisipasuke. Zilipopoa tukaziingiza kwenye friji, nikalala chini ya turubai la lile lori lililonileta.

Asubuhi ningeweza kuendelea na safari, maana foleni ilikuwa imeanza kusogea na dereva alikuwa tayari kunichukua. Nikamwambia nataka kwanza kujua yamekuwaje. Nilipokaribia hoteli nikaona moshi unatoka stoo.

Yule mama alikuwa amekaa juu ya kreti, analia kwa hasira. Bibi amesimama, masizi puani, hajutii hata kidogo.

"Nimeukuta moto mdogo kama wa kibatari," akaniambia mimi, kwa kuwa binti yake hakutaka kumsikiliza. "Nikasema hawa watoto hawajui. Achari inataka joto. Nikaongeza utambi."

"Bibi, friji lile moto wake unatoa baridi."

"Moto unatoa baridi! Mimi mtu mzima, wewe mwana."

Hata mimi sikuweza kumweleza. Nilikuwa nimeshaona friji kama lile kwenye misheni, nikakaa chini yake siku nzima nikitaka kujua, nikafukuzwa kabla sijajua. Nilichoambulia ni hiki tu: moto wake unatakiwa uwe mdogo, wa buluu, na bomba la moshi liwe safi. Nikazima. Nikalitoa bomba, nikalisugua kwa kitambaa na kijiti mpaka mikono ikawa myeusi, nikakata utambi sawasawa, nikawasha tena, nikamkataza bibi asiuguse. Bibi alichuchumaa kando yangu muda wote.

"Sasa jua liko wapi humo?" akauliza, safari hii kwa sauti ndogo.

"Sijui, bibi. Nalitafuta."

Akatia mkono ndani, akautoa, akautia tena. Alifanya hivyo asubuhi nzima, akija na kurudi, mpaka binti yake akaanza kucheka na machozi hayajakauka.

Mchana yule mama akafungua chupa moja. Akapakua ugali kidogo, maharage, na vipande vya tango kando ya sahani, vya njano, vinang'aa. Akaweka mbele ya mama yake, akajifanya anafuta meza nyingine. Alifuta meza ile ile mara nyingi.

Bibi akatafuna kipande kimoja. Akafumba macho.

"Siyo achari hii," akasema.

Binti hakugeuka. Mkono wake tu ukasimama juu ya meza.

"Siyo achari. Tango ni tango." Akachukua kipande cha pili, akakiweka kwenye tonge la ugali, akala. "Siki ni yangu lakini. Siki naijua." Akakata tonge jingine. Nilikuwa nikimtazama koo, kama mtu anavyotazama maji yakishuka kwenye mfereji aliouchimba mwenyewe. Ugali ukaisha. Akasukuma sahani mbele.

"Ongeza," akasema. "Na hayo maharage yatie chumvi, nani kakufundisha kupika?"

Yule mama akakimbilia jikoni. Bibi akanigeukia.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Sijui, bibi."

"Moto ule usiku utauangalia nani? Huyu binti amechoka. Na mimi umenikataza nisiuguse."

Nikasema nyumba za wageni zote zimejaa.

"Nani kakwambia habari ya wageni?" Akavua lile koti la mkwewe, akanitupia. "Kasogeze yale makreti ukutani. Mkeka uko juu ya friji."