Shamba la Sungura Linafungwa

Mume wangu alikuwa mchongaji. Kwa miaka mingi alichonga vifaru na twiga wa kuwauzia watalii, mpaka kiharusi kilipomlegeza mkono wa kulia. Hospitalini walimpa mpira wa kufinya. Aliufinya wiki moja, kisha akausukumiza chini ya kochi na kusema hiyo ni kazi ya mtoto mchanga.

Kilichomfanyisha mazoezi ni mchezo wa simu ambao binti yetu alimwekea. Sungura wenye vichwa vikubwa na macho ya mviringo wanalima karoti. Ukichelewa kuvuna, karoti zinaoza na sungura wanalia. Mume wangu hakuweza kukivumilia kilio hicho. Alivuna kwa kidole kimoja cha mkono ule mbovu, asubuhi na jioni, akinung'unika. Tunakaa mtaa wa Kware, ghorofa ya tano, hakuna lifti, kwa hiyo hakuwa na pengine pa kwenda. Kidole cha pili kikaanza kuitika, kisha cha tatu.

Mimi ndiye niliyeingiwa na wasiwasi. Nilijifundisha uhasibu kwa vitabu vya mitumba, na tabia ya kutafuta mwelekeo wa mambo haijaniacha. Mchezo ule hauishi ndani ya simu. Unaishi kwenye mitambo ya kampuni huko ng'ambo, na kampuni ikichoka kuigharamia, sungura wamekwisha. Nikawa nafuatilia orodha za michezo inayopakuliwa, nasoma maoni ya wachezaji na taarifa za kampuni, kamusi kando. Polepole nikaona kwamba michezo mingi ya vijinyama vya kupendeza hufuata njia moja. Inapanda haraka kwa sababu matangazo yake yako kila mahali. Halafu watu wanaizoea, na vijinyama vinavishwa kofia za sikukuu ili vionekane vipya. Halafu bei za mapambo zinapunguzwa, kila mara zaidi. Halafu kimya.

Sungura wetu walikuwa wamefika kwenye bei za kupunguzwa.

"Mathe, hiyo gemu watu walihama kitambo," binti yangu aliniambia. "Saa hii wamebaki wazee tu."

"Nimesikia," mume wangu alisema kutoka kwenye kochi. "Mzee anavuna."

Nilimweleza nilichokiona. Hakushangaa.

"Hata sisi tulichonga macho makubwa," alisema. "Mmoja akiuza, wote tunachonga hivyo hivyo. Meza zikajaa, mgeni akapita bila kugeuka. Sasa wewe, mama, ulingoja orodha zikuambie?"

Tangazo la kufungwa likaja. Siku ya mwisho alivuna kila kitu, hata karoti changa. Skrini ikawa nyeupe, na mkono ukarudi mapajani. Ukakaa hapo. Alikula kwa kushoto, akafunga vifungo kwa kushoto, na vidole vya kulia vikaanza kujikunja tena. Nilimkumbusha mpira. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

Nikarudi kwenye orodha, safari hii nikitafuta mchezo usiovuma, usiotegemea mitambo ya mtu, ambao haujapanda sana wala kuanguka. Nikapata paka waokao mikate. Walikuwa katikati ya orodha muda wote niliofuatilia, na mchezo unachezeka bila bando la intaneti. Nilikuwa nimechoka, lakini niliiamini hesabu yangu.

Aliutazama kidogo tu.

"Masikio ya huyu paka yamewekwa na mtu ambaye hajawahi kuona paka."

"Cheza tu, baba," nilimwambia.

"Sichezi na kitu kilichokosewa. Lete penseli nikuonyeshe."

Nilipasua mfuko wa unga uliokuwa mtupu, nikamtandikia mezani upande mweupe. Aliishika penseli kwa mkono wa kulia. Ikaanguka. Nikaiokota. Alichora mstari mfupi wa kutetemeka, ambao haukuwa sikio la mnyama yeyote, na penseli ikaanguka tena, ikaviringika hadi mlangoni.

"Niokotee," alisema, bila kuuondoa mkono wa kulia mezani.

Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi. Nikainama tena.