Shingo ya Mama Godelive

Mama Godelive anashona nguo hapa Ngezi tangu mbele ya vita. Ukitaka kumujua, ujue mambo mbili: hapendi kubishiwa, na kwa miaka tisa mu kanisa hakugeuza shingo ngambo ya kushoto.

Mu kwaya, sauti ya pili, tunakaa siye watatu: Hortense kushoto, Godelive katikati, mimi Musoki kuume. Fulgence, mwenye kutuongoza, njo alitupanga vile, na kumuomba abadilishe ni kujitafutia maneno. Basi, saa ya kupeana amani, Godelive alikuwa ananipa mukono mimi, kisha ananipa tena. Miaka tisa yote nilipata amani ya watu wawili.

Sababu ilikuwa mulango. Wakati wa vita, Godelive na bwana yake Vital walikimbilia Beni. Kurudi, wakakuta nyumba yao wazi, na mulango yao ya bulu, ile Vital aliipakala rangi kwa mikono yake, inafunga nyumba ya jirani, Hortense. Hortense akasema aliitoa ili wezi wasiibebe, na siku ile ile akairudisha. Godelive akakataa. Eti mulango yenye imezoea watu wengine haiwezi kumulinda, na mu amani hii yetu kila mutu analala sikio moja wazi. Akatundika manjanja, bati ya zamani, pahali pa mulango. Vital alipokufa, Hortense alikuja kwa kilio, akakaa nyuma kabisa, akaenda bila kusalimiwa. Mimi nilisikia haya kwa ajili yao wawili.

Sasa shingo. Kila mwaka, masomo ikikaribia kuanza, Godelive anainama kwa masini kutoka asubuhi, juu ya nguo za wanafunzi. Mwaka ule wa tisa, shingo ikakaza kabisa, maumivu ikapanda paka nyuma ya sikio. Mafuta, vidonge, yote bure. Mimi nilijisemea kwamba shingo isiyogeuzwa lazima ikaze, lakini nani angemuambia? Nikamuvuta kwa Caleb, kijana wa kunyoosha viungo, mwenye alijifunza kazi ya sindano kule Kampala.

Caleb akapapasa kati ya shingo na bega, akapata kifundo cha nyama, kigumu kama kokoto. Akatoa sindano nyembamba sana. Godelive akaiangalia kwa jicho la fundi, akauliza dawa iko wapi. Caleb akajibu kwamba hakuna dawa, sindano yenyewe inachokoza kile kifundo paka kinaachia.

« Weye mutoto, » Godelive akasema, « unaniletea sahani bila bugali? »

Nilicheka paka nikajificha uso. Lakini maumivu haina kiburi, akalala. Sindano ikaingia, nyama ikaruka yenyewe, na Godelive akaniminya vidole karibu kuvivunja. Kesho yake alinitukana, bega linauma kuliko mbele. Kesho kutwa akageuza kichwa kuchukua makasi, bila kugeuza kiti. Akarudi kwa Caleb mara tatu. Mara ya mwisho akapewa mazoezi: kupeleka kidevu kwa bega la kushoto, pole pole, mara kumi, asubuhi, midi saa sita kamili, na mangaribi, kwa juma mbili.

Na Godelive akianza kitu, anakimaliza. Siku ya Mungu, mahubiri ikawa murefu, midi ikatukuta padri angali kwa barua ya Paulo. Nikaona Godelive ananyoosha mugongo, anaanza mazoezi yake pale pale.

Hortense akaona ule uso unamugeukia pole pole, kwa mara ya kwanza tangu miaka tisa. Haikuwa saa ya amani. Akanyoosha mukono tu, macho imejaa machozi.

« Mulango yako iko kwangu, » akasema. « Kila Pasaka naipakala rangi. Ile ile ya bulu. »

Godelive akabaki vile, kidevu kwa bega. Na Godelive hajui kusema uongo, nikaogopa sana. Nikamuomba Mungu amufunge kinywa. Godelive akakamata ule mukono, na hakuuachilia paka tuliposimama kuimba.

Mangaribi vijana wawili wakaleta mulango. Godelive akanivuta pembeni.

« Musoki, ukimuambia ile ilikuwa mazoezi, nitakushona midomo. »

Sijamuambia. Mazoezi ilikuwa ya juma mbili. Huu ni mwaka wa nne, na kila siku ya Mungu Godelive anageukia kushoto kwanza, mimi nangojea zamu yangu.