Shemasi wetu alivyoleta shule za Bavaria kwenye basement ya kanisa letu hapa Buffalo

Wakuu, Bwana asifiwe kwenu mnaoamini, na ninyi wengine habari za leo.

Mimi ni mzee wa kanisa, umri umeenda, na siku si nyingi nitasimama mbele ya Mungu kuulizwa juu ya maneno yangu. Sina sababu ya kuongeza chumvi. Majina tu nimebadilisha, kwa sababu wahusika bado tunapeana mkono kila Jumapili.

Kwanza mnijue. Ni Mkongo wa Kivu ya Kusini. Nilikaa kambini Kigoma miaka mingi, ndiko nilikojifunza Kiswahili hiki cha kuandika. Sasa naishi Buffalo, mtaa wa Riverside, kwa binti yangu. Namshukuru Mungu kwa paa, kwa hita, na kwa mjukuu wangu Faida, ambaye ndiye sababu ya uzi huu.

Mwaka 2015 Faida alikuwa na miaka kumi. Mtoto wa kusoma huyu. Alikuwa anasoma mpaka maandishi ya nyuma ya chupa ya shampuu, mama yake anagonga mlango wa bafu akidhani ameanguka.

Ushirika wetu una makanisa matatu: Louisville, Columbus na hapa Buffalo. Kila Jumamosi watoto wanakuja basement ya kanisa kusaidiwa masomo. Hapa kwetu tulijaliwa mwalimu mmoja wa kweli, mama wa Kimarekani mstaafu, anayekuja kwa kujitolea. Wazazi wengi wanafanya shifti viwandani Tonawanda, na Kiingereza cha homework kinawashinda. Yule mama alikuwa msaada wetu mkubwa baada ya ule utokao juu.

Sasa aingie Shemasi Lubunga.

Zamani, nyumbani, alikuwa mwalimu wa Kifaransa sekondari. Hapa anafunga maboksi kiwandani, na hilo si aibu hata kidogo. Mwaka ule alisafiri kwenda Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, kumtembelea kaka yake. Alikaa wiki mbili. Akarudi na koti zito la kijani na mpango wa elimu.

Jumapili akapewa nafasi fupi ya ushuhuda. Alipomaliza, wali wa pamoja ulikuwa umeshapoa.

"Bon, wapendwa," alisema, "mimi nimeona na macho yangu. Kule Bavaria hawachezee na akili ya mutoto. Akimaliza darasa la ine, wanamupima. Mwenye akili anaenda Gymnasium, ile ya kupeleka watu université. Wa katikati anaenda Realschule, ya watu wa ofisi. Anayebakia anaenda Mittelschule, kujifunza kazi ya mikono. Donc kila mutu anajua njia yake mapema. Ndiyo maana magari yao hayaharibike."

Watu wakasema amina. Na mimi nilisema amina, mdomo umeshazoea.

Hapa niweke jambo sawa. Shemasi hakusema uongo. Baadaye niliuliza, na kweli kule mtoto wa miaka kumi anaangaliwa alama zake za Kijerumani, hesabu, na somo la mazingira yake, kisha anaelekezwa shule mojawapo kati ya hizo. Meno ya utotoni hayajaisha kung'oka, njia imeshachorwa. Wajerumani wanajua wenyewe kwa nini. Mimi nilikuwa najiuliza sisi wa Riverside tunachora njia ya kwenda wapi.

Jumamosi iliyofuata Shemasi aliwapa watoto mtihani.

Wakuu, mtihani ulikuwa na hesabu kidogo, vitabu vya Biblia kwa mpangilio, na imla ya Kifaransa.

Kifaransa. Hapa Buffalo. Kwa watoto waliozaliwa kambini Tanzania, wanaosoma shule kwa Kiingereza na kuomba kwa Kiswahili. Mtoto pekee aliyeandika ile imla ikasomeka ni Moïse, mtoto wa Shemasi, kwa sababu nyumbani kwao wanasalimiana kwa Kifaransa ili jirani wasikie.

Matokeo yakasomwa. Kundi la Kichwa: Moïse na wenzake wachache wanaokijuajua. Kundi la Kati: waliobahatisha. Kundi la Mikono: waliobaki wote, akiwemo Faida wangu.

Kichwa wakapewa chumba chenye hita na mwalimu wetu wa pekee. Kati wakapewa korido na ubao. Mikono wakapewa upande wa jikoni, wakawa wanapanga viti, wanakunja vitambaa vya meza, na kufundishwa nidhamu ya kazi. Yule mama Mmarekani aliambiwa kwamba ndio utamaduni wetu, naye kwa heshima akatii. Wamarekani ukiwaambia neno utamaduni, hawaulizi tena.

Nilimfuata Shemasi pembeni.

"Shemasi, Bwana wetu mwenyewe alilelewa na seremala. Na Kifaransa hakukijua. Angekuja Jumamosi ungemweka wapi?"

"Mzee, hiyo ni theologie," akanijibu. "Hii ni organisation."

Nikamtazama mikono. Ina sugu kama ya mkwe wangu. Sisi wote katika kanisa lile, kuanzia mchungaji, tunakula kwa mikono. Sijui nani alitutuma kuifanya mikono iwe adhabu ya watoto.

Nikaenda zangu. Mungu amenipa uvumilivu mwingi, wakati mwingine naona kama alizidisha.

Ila nyumbani mambo yalibadilika. Faida aliacha kwenda maktaba. Nikamwambia, leo twende tuchukue kitabu. Hakuinua hata macho.

"It's fine, Babu. I'm hands."

Nikamuuliza kwa Kiswahili, nani kasema wewe ni mikono. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba kanisa limesema. Wakuu, mimi nimetumika katika kanisa toka ujana. Sijawahi kusikia neno zito kama lile kutoka kwa mtoto mwepesi vile.

Shemasi naye alikuwa amewaka moto. Alipanda basi mpaka Louisville kuupeleka mpango na mtihani wake kwenye kanisa letu la huko, mtaa wa Beechmont. Huko alikutana na Mama Sifa, mwanamke anayefanya kazi ya kutunza wazee na asiyeogopa mtu mwenye koti.

"Shemasi," alimuuliza mbele ya watu, "mutoto wangu shuleni kwa wazungu wanamusifu kusoma. Kwako amekuwa fundi wa viti?"

"Mama, Ujerumani wanaheshimu sana mafundi."

"Basi mwanzie Moïse wako, aheshimiwe wa kwanza."

Watu walicheka, lakini mpango ukapita. Shemasi alikuwa na neno Ulaya mdomoni, na sisi neno Ulaya linatulegeza magoti hata tukiwa Marekani.

Likabaki kongamano la majira ya joto, Columbus. Huko wazee wa makanisa yote matatu wangethibitisha makundi kwa mwaka mzima. Yakipita, Faida hamuoni mwalimu mpaka mwaka mwingine. Nilifunga na kuomba. Sikuomba Shemasi ashindwe, niliomba nipewe neno la kusema siku hiyo.

Tukaenda na van za kanisa, watoto wamebanana nyuma na masufuria.

Kumbe Mungu alikuwa ameshatuma mtu kwa ndege. Riziki, binti wa yule kaka yake Shemasi wa Bavaria, alikuja kwenye harusi ya rafiki yake hapo Columbus. Muuguzi, msichana mtulivu, Kiswahili chake cha nyumbani kabisa. Shemasi alifurahi mno. Akamkalisha mbele na kumtangaza kuwa ni ushahidi hai kutoka Bavaria.

Watoto wakapandishwa jukwaani kwa mistari. Kichwa mbele, mashati meupe. Kati nyuma yao. Mikono nyuma kabisa, karibu na spika, wamevaa aproni. Aproni, wakuu. Mchungaji akawaombea, akamshukuru Mungu kwa kila mstari mahali pake.

Nilimwona Faida kupitia katikati ya mabega ya wenzake. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Riziki, binti yetu," Shemasi akasema, "waambie wazee vile shule za kwenu zinatengeneza watu."

Riziki akasimama. Akawatazama watoto kwanza, hasa wale wa nyuma.

"Shikamooni wazee. Baba mdogo, asante. Mimi nilifika Bavaria na miaka tisa. Darasa la nne likaisha Kijerumani bado kinanishinda. Nikapelekwa Mittelschule. Ile ya mwisho."

Shemasi akatabasamu kama mtu aliyekanyaga kitu na hataki kuangalia chini.

"Nililia sana," Riziki akaendelea. "Hesabu nilikuwa naweza. Walinipima kwa lugha ambayo sikuwa nayo. Nasikia hapa mmewapima hawa kwa Kifaransa."

Mama Sifa akasema "mm-hm" ya Kilouisville, ikasikika mpaka jikoni.

"Lakini kule kwetu, baba mdogo, kuna milango. Nilibakia Mittelschule mpaka darasa la kumi, nikafanya mtihani, nikapata cheti kile kile cha kiwango cha wale wa Realschule. Nikaingia mafunzo ya uuguzi hospitalini, najifunza huku nalipwa. Nikamaliza, nikaenda shule ya watu waliokwisha kujifunza kazi, ya kuwafungulia njia ya chuo. Sasa nasomea kufundisha wauguzi. Ni njia ndefu, na wengine inawachosha wanaachia njiani, sitawadanganya. Lakini mlango upo, na mwalimu yupo katika kila darasa, hata lile la mwisho."

Akamgeukia Shemasi kwa adabu kabisa.

"Sasa hapa, mtoto wa mstari wa nyuma akitaka kupanda, anapitia wapi?"

Shemasi akashika koti. Julai, Columbus, na koti alikuwa nalo. Akamtazama mchungaji, mchungaji akatazama Biblia yake.

"Bon," akasema. "Donc... tutamuombea."

Wakuu, hapo ndipo neno langu lilipofika. Nikasimama polepole, magoti yangu hayana haraka.

"Wapendwa, Shemasi amesema vema na mimi naunga mkono. Maombi yana nguvu. Tusibadilishe makundi hata kidogo. Ila nina ombi dogo. Hawa wa Kichwa tumeambiwa ndio wenye akili. Wameshafika. Kwa hiyo maombi tuwape wao, yatawatosha. Mwalimu apewe hawa wa Mikono."

Mama Sifa akasema amina, ya sauti. Wazazi wa mstari wa nyuma wakasema amina. Nao walikuwa wengi kuliko wote, kwa sababu Shemasi mwenyewe ndiye aliyewajaza kule.

"Mzee, haiwezekane," Shemasi akasema. "Moïse atasoma na nani?"

"Tutamuombea," nikamwambia.

Riziki alikaa chini akajifunika uso na kitenge chake. Mabega yalikuwa yanatikisika. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye kupinga nguvu ya maombi. Nani angenyanyua mkono mbele ya kongamano? Ikapita.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi Buffalo, niliwahi kufika na Faida. Mwalimu alikuwa ameshakaa upande wa jikoni, ameweka vitabu juu ya meza ya kukunjia vitambaa. Chumba chenye hita kilikuwa wazi, kimebaki na kibao chake tu mlangoni: KICHWA. Ndani hakukuwa na mtu. Hata wa korido walikuwa wamehama.

Watoto wote walikuwa jikoni. Wazazi wa Kichwa walikuwa wamewaleta wenyewe, mapema kuliko sisi, na kila mmoja ananieleza kwamba mtoto wake kwa kweli siku zote alikuwa mtu wa mikono. Mmoja alimleta wake na aproni.

Faida akaenda kwenye kiti chake cha karibu na jiko. Akamkuta Moïse amekikalia, shati jeupe, kalamu tayari.

Akamgonga begani.

"That's my seat," akamwambia. "I'm hands."

Moïse akasogea. Faida akakaa, akafungua kitabu, na hakuniaga.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Shemasi Lubunga bado ni shemasi wetu, nampenda katika Bwana, na koti bado analo. Kosa lake ni kwamba kule Bavaria alipiga picha ukuta, milango ikabaki nje ya picha. Na tusijidanganye, hata hapa Marekani watoto wanagawanywa, ila hapa hawatumii mtihani, wanaangalia unakaa mtaa gani.

Nilichojifunza: mtu akikuletea utaratibu wa kugawa watoto, kabla ya kuuliza nani anakaa mbele, muulize mwalimu ameketi wapi. Peleka mtoto wako hapo.

Mlioko Ujerumani, nirekebisheni kama nimekosea kitu kuhusu shule za huko, nitapokea kwa shukrani. Na ninyi mliowahi kuwekwa mstari wa nyuma, tuambieni mlipanda kupitia mlango gani. Ila tafadhali msiandike "maombi" peke yake mkaishia hapo. Shemasi naye ni member humu, atasema nilimuonea.